Mtoto wa Pono

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kitasa cha mlango mwalimu wangu aliposema, "Kaa."

Hakupaza sauti. Alikuwa amejifunika shuka mabegani, kikombe cha chai mkononi, macho kwenye skrini. Mstari unaoonyesha hewa ya puani ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Chini yake mistari miwili ya mikanda ya kifuani na tumboni ilikuwa inavutana: kifua kikipanda, tumbo linashuka, tumbo likipanda, kifua kinashuka. Upande wa pili wa ukuta, mzee wa watu alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu zake zote na hakuna kilichokuwa kinaingia.

Sekunde 40. Sekunde 45.

"Sista, kaa chini. Ubongo wake utamwamsha."

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodini miaka saba, na miaka yote hiyo nilijua jambo moja kuhusu mtu asiyepumua: unakimbia. Unamgeuza, unafungua njia ya hewa, unaita wenzako. Hakuna aliyewahi kuniambia kaa, hesabu, andika.

Ilipofika sekunde 58 alikoroma mkoromo mmoja mkubwa uliopenya ukuta, miguu ikaruka, mawimbi ya ubongo yakachafuka, hewa ikapita. Akavuta pumzi tano, sita za harakaharaka. Namba ya oksijeni ikaendelea kushuka, 88, 81, 74, na mwenyewe ameshapumua, kwa sababu damu huchukua muda kusafiri kutoka mapafuni hadi kwenye kidole kilichobanwa na kipimo. Ukiitazama namba peke yake utadhani mtu anakufa sasa hivi, kumbe unasomewa habari zilizokwisha kupita.

Halafu akalala tena.

Halafu mstari ukanyooka tena.

Wiki saba zimepita na kamba ile bado naiona.

Swali la Jaja

Najifunza kupima usingizi katika hospitali moja ya hapa Kampala. Nina miezi minane sasa. Mwalimu wangu alisomea kazi hii India, na yeye ndiye anayenikalisha chini kila ninapotaka kukimbia.

Watu wakisikia kazi yangu huniuliza swali lile lile: unalipwa kutazama watu wakilala? Ndiyo. Natazama tangu saa tatu usiku hadi alfajiri, ukurasa baada ya ukurasa wa sekunde 30, na kila ukurasa nauamulia: yuko macho, anasinzia, amezama, anaota. Usiku wa saa nane ni kurasa 960. Asubuhi narudi chumbani Kamwokya, natundika blanketi dirishani na kujaribu kulala huku mtaa mzima umeamka.

Jaja yangu wa Bugiri (kwetu jaja ni babu au bibi) aliniuliza swali jingine. "Umeenda kusomea malale?"

Mtu wa Busoga haulizi hivyo kwa mzaha. Kuanzia mwaka 1900 hivi, malale, ule ugonjwa wa usingizi, yalifagia ufuko wa Ziwa Victoria kwetu na visiwani, yakaua zaidi ya watu 200,000 kabla hayajapungua. Mwaka 1903 huko Entebbe ndipo David Bruce na wenzake walipothibitisha kwamba mbung'o ndiye anayebeba vijidudu vyake, na miaka michache baadaye Gavana Hesketh Bell akawahamisha watu wote wa ufukoni. Wazazi wa Jaja walikuwa watoto wakati huo. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za ugonjwa huo. Ile ya mkoa wa Nile Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba si tena tatizo la afya ya umma hapa kwetu. Ila Jaja hakungoja tangazo. Yeye anajua kwamba mtu anayesinzia mchana kutwa na kukesha usiku ni mtu wa kuagwa.

Nikamjibu, "Hapana, Jaja. Nasomea watu wanaolala na hawapumziki."

Akafikiri kidogo, mikono ikiendelea kuchambua maharagwe.

"Kama baba yako," akasema.

Sikulitilia maanani. Ningelitilia maanani siku ile, labda usiku wa kamba ya kuanikia nguo usingenikuta mtupu vile.

Futi, gundi na kalamu nyekundu

Mzee wa usiku ule wa kamba alikuja saa moja jioni na kaveera mkononi, ndani yake kaptula, sabuni na chapati mbili. Nitamwita Afande, kwa sababu ndivyo walinzi wenzake wanavyoitana, na kwa sababu nimembadilishia mambo kadhaa ili asitambulike. Yeye mwenyewe alikubali niandike.

Afande ni mlinzi wa usiku kwenye geti la ghala moja. Ana miaka arobaini na kitu. Ni mwembamba. Nalisema hili kwa mkazo, maana hata wauguzi wenzangu hudhani kukatika pumzi usingizini ni ugonjwa wa wanene peke yao. Kidevu chake kimerudi nyuma kidogo, na mtu wa kidevu cha namna hiyo ulimi wake hauna nafasi; akilala chali unarudi na kuziba koo. Daktari alimleta kwetu kwa sababu presha yake ilikuwa imegoma kushuka na dawa tatu.

"Habari ya jioni, mzee."

"Mzuri, musawo. Kazi?"

Ni mtu wa Koboko na Kiswahili ndicho lugha yake ya kila siku. Nilifurahi, kwa sababu usiku mwingi kazi hii naifanya kwa Kiganda changu cha kuombea maji, na maelekezo yake hayataki kubahatisha.

Kwanza napima kichwa. Natumia futi kama ya fundi cherehani: kutoka kwenye kishina cha pua hadi kwenye kifundo kile cha kisogoni, kisha kutoka sikio hadi sikio, na kwa asilimia 10 na 20 za urefu huo naweka nukta kwa kalamu nyekundu. Kila nukta nasugua ngozi hadi uchafu na mafuta yatoke, napaka krimu nzito ya kupitisha umeme, nabandika elektrodi, kidude cha waya kinachonasa umeme wa mwili. Zipo za kichwani, za pembeni mwa macho, za kidevuni, za kifuani kwa ajili ya moyo, za miguuni. Kuna mrija wa puani, mikanda miwili, kibanio cha kidoleni. Mtu akimaliza kufungwa ana zaidi ya waya ishirini.

Kichwa cha Afande kilikuwa kimenyolewa, kazi ikaenda haraka. Wanawake wenzangu ndio wanaonipa mtihani. Elektrodi hizi zilibuniwa na watu waliokuwa wakifikiria nywele nyepesi zilizolala, na mimi namletea mwanamke aliyelipia rasta zake jana. Siwezi kumwambia afumue. Napenya kati ya mistari kwa mpini wa kitana, elektrodi moja kwa dakika tano, na nikikosa, waya unaachia saa nane usiku katikati ya jambo la maana. Siku hizi nawapigia simu mapema: suka matuta, mama, uniachie njia.

Nilikuwa kwenye nukta ya nne nilipohisi kichwa cha Afande kinanilemea mkononi. Alikuwa amelala. Ameketi kwenye kiti, mtu anamsugua utosi, na amelala.

Alishtuka akaomba radhi mara tatu. Hapo ndipo alipoanza kueleza.

"Wameniandikia barua ya pili. Ikija ya tatu naenda nyumbani. Musawo, nalala mchana saa saba nzima. Nikiamka nimechoka kuliko nilivyokuwa napanda kitandani. Nikifika getini nasimama, siketi, kwa sababu nikiketi naenda. Na nikisimama bado naenda."

Nikabandika elektrodi ya tano.

"Ukiona kitu humo ndani," akasema, akigonga paji lake kwa kidole, "niandikie kwamba si uvivu."

Usingizi wa pono

Kabla ya kuzima taa tunaangalia kama waya zote zinasema kweli. Mimi niko chumba cha pili na kipaza sauti. Fumba macho, mzee. Fumbua. Bila kusogeza kichwa, angalia kulia, angalia kushoto. Pepesa macho mara tano. Saga meno. Shika pumzi. Achia. Koroma kidogo kama unavyokoroma nyumbani. Kunja vidole vya mguu wa kushoto. Kila tendo linaonekana kwenye mstari wake, na mimi nashukuru kwa kila mstari unaoitika.

Tulizima taa saa tatu na dakika arobaini. Dakika ya tatu alikuwa amelala.

Hatua za usingizi kitabuni zina herufi na namba. Kichwani mwangu nimezipa majina ya nyumbani. Ya kwanza ni mang'amung'amu: mtu yupo na hayupo, macho yanazunguka polepole, ukimwita atakataa kwamba alikuwa amelala. Ya pili haina jina kwetu, ni usingizi wa kawaida unaochukua karibu nusu ya usiku. Ya tatu ni usingizi wa pono, yule samaki anayesifika kwa kulala fofofo: mawimbi makubwa mazito ya ubongo yanayokwenda taratibu, na hapo ndipo mwili hujijenga. Kisha kuna ile ya ndoto, ambayo Aserinsky na Kleitman waliieleza huko Chicago mwaka 1953: macho yanakimbia chini ya kope na misuli imelegea kabisa, ya koo pia.

Neno hili, pono, nina kisa nalo. Nitakifikia.

Kwa saa mbili za kwanza Afande alikata pumzi mara 96. Hiyo ni mara 48 kwa saa, na hesabu ya 30 tayari ni kali. Kila dakika na robo ubongo wake ulilazimika kumwamsha kidogo ili asife, halafu ukamwachia, halafu ukamwamsha. Mwenyewe hajui. Asubuhi mtu wa aina hii atakuapia kwamba alilala kama gogo.

Nilitafuta usingizi wa pono katika saa zile mbili. Nilirudi nyuma nikapitia tena, nikidhani nimeruka.

Hapakuwa na hata ukurasa mmoja.

Saa sita usiku

Mwalimu wangu akaweka kikombe chini. "Sasa nenda."

Kuna kanuni kwamba hesabu ikiwa juu kiasi hicho saa mbili za mwanzo, usiku unagawanywa: nusu ya kwanza ni ya kupima, nusu ya pili ya kutibu. Niliingia na barakoa ya CPAP. Ni mashine inayosukuma hewa ya kawaida puani kwa mgandamizo, basi. Haina dawa, wala si oksijeni ya mtungi. Hewa ile hushikilia koo lisibomoke kama upepo unavyoshikilia hema. Mwaustralia Colin Sullivan ndiye aliyeichapisha mwaka 1981.

Tulianza na mgandamizo wa 4. Bado akakata pumzi. Tukapanda taratibu, namba moja moja, tukingoja dakika kadhaa kila mara. Kwenye 8 kukata pumzi kukapungua, kukoroma kukabaki. Kwenye 11, karibu saa nane, chumba kikanyamaza.

Nimeishi na makelele ya wagonjwa miaka saba, na kimya hicho kilinitisha. Nikaangalia mstari wa hewa. Ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, laini kama mshono wa mashine. Mikanda miwili ikaacha kugombana. Kifua na tumbo vikawa vinainuka pamoja. Oksijeni 96. Kisha, polepole, mawimbi makubwa yakaanza kuingia.

"Pono," nikasema kwa sauti bila kutaka.

Mwalimu wangu alidhani nimesema jina la mtu.

Baada ya hapo aliota ndoto ndefu, karibu saa nzima, kama mwili unaodai deni. Umeme ulikatika mara moja, betri ya akiba ikalia, jenereta ikashika, na yeye hakusikia lolote. Nilipoingia saa kumi na mbili kasorobo kumwondoa barakoa alikaa kitandani kimya muda mrefu, alama za mikanda zikiwa shavuni.

"Musawo," akasema. "Nimeota."

Nikamuuliza ameota nini.

"Sijui. Kuna ng'ombe. Lakini nimeota."

Kilichofuata asubuhi

Ningependa kisa kiishie hapo. Watu wengi niliowasimulia niliwaishia hapo, na kila nilipofanya hivyo nilirudi nyumbani na uzito.

Barakoa ile ni ya hospitali. Niliiosha kwa sabuni, nikaianika, nikaifungia kabatini. Mashine ya kwake mwenyewe ni mamilioni ya shilingi. Afande aliuliza bei, akapiga hesabu kwa vidole palepale mlangoni, akagundua ni karibu mshahara wake wa mwaka, kama watoto hawatakula. Hakulalamika. Alinishukuru kwa mikono miwili, akachukua kaveera yake, akaenda kutafuta boda.

Usiku mmoja nilimpa mtu pumzi, na asubuhi nikamvua.

Nimemuuliza mwalimu wangu kama ni haki. Amenieleza, na maelezo yake ni ya kweli: bila kipimo daktari asingejua kwa nini presha inagoma, mtu anayejua ana pa kuanzia, familia zingine huchanga. Kuna mambo ya kufanya pia. Asilale chali. Nilimfundisha kushona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira wa tenisi ndani yake, ili kila akigeuka chali umsumbue arudi ubavuni. Aache waragi, ambayo alikuwa anakunywa kidogo ili "alale vizuri" na ambayo inalegeza koo zaidi. Hayo husaidia. Kwa mtu wa 48 kwa saa hayatoshi, na nilijua hayatoshi wakati nakata uzi.

Na ile barua. Mimi ni mwanagenzi, ripoti siiandiki mimi; huandikwa na kutiwa sahihi na daktari. Nilipoisoma ilikuwa nzuri, kamili, kila namba mahali pake. Ilieleza koo, ilieleza oksijeni, ilieleza moyo. Sentensi aliyoiomba haikuwemo, kwa sababu hakuna kisanduku chake. Neno uvivu si neno la kitabibu, hivyo hata kulikanusha hakuna anayekanusha.

Nilimwendea daktari. Niliogopa, nikaenda. Nilimwambia mgonjwa ameomba kitu kwa ajili ya mwajiri wake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaandika kwa mkono wake chini ya ripoti: mgonjwa huyu husinzia kwa sababu ya maradhi, si kwa uzembe, na anahitaji zamu za mchana wakati akitafutiwa matibabu. Mistari miwili. Ilichukua chini ya dakika moja.

Nilirudi chumba cha vipimo nikafunga mlango, nikalia hadi mwalimu wangu akaacha kugonga.

Sikuwa namlilia Afande.

Walukuba

Nimekulia Walukuba, Jinja, kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda enzi za Waingereza. Baba ni Msamia, mama ni Msoga, majirani walikuwa Walugbara, Waacholi, Wajaluo, Wanubi. Kiswahili kilikuwa lugha ya bomba la maji na ya ugomvi wa watoto. Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda kimoja.

Tuliishi chumba na sebule. Baba alikoroma. Mtoto wa Walukuba hashtuki kwa kukoroma. Kilichokuwa kinatuamsha ni kimya. Nakumbuka nikiwa mdogo nimelala kwenye mkeka, nimefumbua macho gizani, nangoja kelele irudi ili nilale.

Mwaka 2001, nikiwa praimari ya tano, msimamizi alipita getini usiku wa manane akamkuta baba amelala kwenye kigoda. Hakumwamsha. Alichukua tochi na kirungu, akaenda navyo. Asubuhi baba alipokuwa anavitafuta nyasini aliitwa ofisini, akavikuta juu ya meza.

Alirudi nyumbani saa nne na sare ikiwa imekunjwa mkononi.

Jirani yetu mmoja alikulia Mombasa na alikuwa na maneno ya pwani kwa kila jambo. Ndiye aliyesema, yule bwana usingizi wake ni wa pono. Alitaka tu kuchekesha watu bombani. Wiki haikuisha, baba akawa Pono mtaa mzima. Mzee Pono. Mimi nikawa mtoto wa Pono. Nikisinzia darasani, mwalimu alikuwa na la kusema. Kaka yangu alipigana kwa ajili ya jina hilo hadi akang'olewa jino.

Baba alienda kubeba magunia ya mukene, dagaa wetu wa ziwani, pale Masese. Hakuwahi tena kufanya kazi ya kukaa. Nilikua nikimwona mtu asiyekubali kiti: anakula amesimama, kanisani anasimama nyuma, wageni wakija anaegemea mlango. Nilidhani ni tabia ya wazee wa makwao.

Nikisimama bado naenda, alisema Afande, na mimi nikiwa na gundi kidoleni.

Kwa hiyo hili ndilo lililonikaa rohoni wiki saba. Mtaa mzima ulimwita baba yangu kwa jina la usingizi ambao huenda hakuwahi kuupata.

Yaliyopita

Nasema huenda. Sina waya wa mwaka 2001. Nimejiuliza mara nyingi kama namtibu baba kwa kumbukumbu, kama nataka tu afutiwe aibu na nimetafuta ugonjwa wa kumfutia. Mtu aliyekuwa na zamu za usiku mfululizo na watoto watano chumba kimoja anaweza kusinzia getini bila koo lake kuwa na hatia yoyote. Mwalimu wangu hunikumbusha: usiamue ukurasa ambao hujauona.

Basi nikaenda kuuona.

Jumamosi iliyopita nilipanda taksi, nikanunua kuku na gonja Namawojjolo kama kawaida ya msafiri, nikavuka msitu wa Mabira, nikaingia Jinja kabla ya jua kuzama. Begani nilikuwa na kile kipimo kidogo cha kidoleni tulichonunua wodini siku za korona. Nacho sikiamini sana. Desemba 2020 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi vipimo hivi vilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu, kwa sababu mwanga wake hupita kwenye ngozi na rangi ya ngozi huuchanganya. Kikikwambia 92 kwenye kidole cha mtu wa Walukuba, jiulize tena. Lakini nilikuwa nacho.

Tulikula. Baba alikula amesimama. Nikaanza kwa mbali, nikasimulia habari za mlinzi mmoja, jinsi alivyokuwa akilala na kuchoka, jinsi daktari alivyomwandikia barua. Mama aliacha kutafuna. Baba alinisikiliza akitazama sahani.

"Kwa hiyo hakufukuzwa," akasema.

"Wamemhamishia mchana, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikaona huu ndio wakati. Nikasema, "Baba, ile kazi yako ya kiwandani..."

"Yaliyopita si ndwele, mama," akanikata, kwa upole, akaenda kunawa mikono.

Nikanyamaza. Nilichokuwa nimesafiri kumwambia ni kwamba yaliyopita yalikuwa ndwele.

Kipimo kilibaki kwenye begi. Unamwombaje mtu aliyevunjiwa heshima akiwa usingizini akukabidhi kidole chake akiwa amelala?

Walinitandikia sebuleni. Ukuta kati ya sebule na chumba chao haujafika juu, sauti yote inapita. Saa nne baba alianza kukoroma, mkoromo ule ule wa utoto wangu, nikajikuta nimelala chali na macho wazi kama vile sijawahi kuondoka. Sikuwa na skrini. Nilikuwa na masikio na midomo yangu ya kuhesabia.

Kukoroma kukapanda, kukapanda, kukakatika.

Moja. Mbili. Tatu.

Nilihesabu kwa kunong'ona, mkono umeshika ukingo wa mkeka. Kumi na nne. Kumi na tano. Sauti ya mwalimu wangu ilikuwa inaniambia kaa. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Godoro la upande wa pili likajigeuza.

"Umefika ngapi?"

Alikuwa mama, gizani, sauti yake haina usingizi hata kidogo.

"Thelathini na moja."

"Leo nilikuachia wewe," akasema. "Mimi huwa namgusa nikifika ishirini."

Kitanda kikalia. Baba akavuta pumzi.